Somo: RX-8 inasumbua kuwaka na inatoa moshi? Pima haya kabla hujakubali injini ishushwe

Habari za jioni wakuu. Tangu msimu wa korosho ufunguke nimepigiwa simu na watu watatu wenye Mazda RX-8, wawili wa hapa Mtwara mjini na mmoja wa Lindi. Maelezo yao ni yaleyale: stata inapigwa weee gari halishiki, likishika linafuka moshi, na fundi ameshasema injini imekufa. Mmoja wao injini alikuta imeshashushwa chini. Tulipoipima, ugonjwa ulikuwa koili mbili, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Pesa za kushusha na kupandisha zilishaliwa, na korosho za mwaka mzima zikaishia hapo. Imeniuma, ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

Kwanza uijue injini yenyewe. RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012 na inatumia injini ya rotari. Haina pistoni, haina valvu, haina silinda hedi. Ndani kuna rota mbili zenye pembe tatu, umbo kama sambusa iliyovimba ubavuni, kila moja inazunguka ndani ya chemba iliyobonyea kiunoni kama ganda la karanga. Kila rota ina nafasi ya sentimita za ujazo 654, ndipo inapatikana ile 1.3 kwenye kadi. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba ya chuma inayosugua ukuta wa chemba, na hiyo sili ndiyo kila kitu: ikiziba vizuri kuna kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa na petroli mle ndani, isipoziba hakuna. Ili isikauke, kuna pampu ndogo inayoingiza oili kidogo kidogo mle ndani, oili inaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo RX-8 kula oili ni maumbile yake. Anayekwambia valvu zinavuja au gasketi ya hedi imeungua kwenye gari hili bado hajaijua injini iliyo mbele yake, msimamishe hapohapo.

Wala isidharauliwe. Mwaka 1991 Mazda walishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa na gari la rotari, 787B. Inataka tu mtu anayeipima kwa taratibu zake.

Hatua ya 1: Uliza gari lilizimwaje mara ya mwisho

Kabla ya spana yoyote, uliza hili. Nusu ya kesi ninazoziona zinaishia hapa. Kijana ametoa gari uani ili lioshwe, au amelisogeza kivulini chini ya mwembe, akalizima baada ya nusu dakika. Injini ikiwa ya baridi kompyuta inaimwagia petroli nyingi. Ukizima mapema, petroli ile inabaki ndani, inaosha oili kwenye sili, kompresheni inashuka. Kesho yake unapiga stata, petroli inaongezeka, plagi zinalowa, na kadiri unavyopiga ndivyo unavyozidi kuizamisha.

Kama kisa ndicho hicho, usiendelee kupiga stata. Nenda hatua ya 2 kisha ya 3.

Hatua ya 2: Betri, ethi na stata

Injini ya rotari haiwaki kwa mzunguko mzito. Inatakiwa izungushwe si chini ya mizunguko 250 kwa dakika, na kwa masikio ya kawaida 180 na 250 vinafanana. Weka mita kwenye betri: gari likiwa limelala isome karibu volti 12.6, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10 au pungufu yake kidogo. Ikishuka hadi 8, tatizo lako la kwanza umelipata.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Gari linalolala Shangani au Mikindani, vichwa vya betri na waya wa ethi unaoshika bodi vinaota ukungu wa kijani au mweupe. Fungua, sugua kwa msasa, funga, pakaa grisi. Hata stata yenyewe inachoka. Zile za matoleo ya mwanzo zilikuwa dhaifu, baadaye Mazda walileta yenye nguvu zaidi. Ukinunua nyingine uliza ni ipi.

Hatua ya 3: Itoe petroli iliyozama

Gari liwe nje, penye hewa, wala pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu. Kwanza jaribu njia nyepesi: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa, ishikilie hapo, ndipo upige stata kwa sekunde zisizozidi 10. Pedali ikiwa chini hivyo kompyuta inafunga nozeli, injini inazunguka bila kupewa petroli na kujipepea. Pumzisha stata dakika moja, rudia. Ikianza kushika, achia pedali taratibu.

Ikigoma, toa gurudumu la mbele kushoto, plagi nne utaziona ubavuni mwa injini. Zitoe zote na uchomoe soketi za umeme za koili, maana cheche ikikutana na mvuke wa petroli unaotoka kwenye matundu ni moto. Piga stata huku pedali ikiwa chini ile ile, petroli itaruka nje. Kisha kila rota itie kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kupitia tundu la plagi. Oili hiyo inazirudishia sili uzibaji wake. Chaji betri mpaka ijae, kausha plagi au weka mpya, washa.

Litakapowaka litafuka moshi mtaa mzima. Usishtuke, ni ile oili uliyoitia na petroli iliyobaki kwenye ekzosi. Liache kwenye silensa, yaani lingurume lenyewe bila kukanyaga mafuta, moshi utakata ndani ya dakika chache. Usilizime mpaka sindano ya temperecha ipande mahali pake.

Hatua ya 4: Plagi na koili

Plagi si za aina moja! Hili kosa nimelikuta mara nyingi. Kwenye chuma utaona herufi: L ni za chini, zinazochoma kwanza, T ni za juu, zinazofuatia. Kama ni NGK, za chini ni RE7C-L na za juu ni RE9B-T. Ukichanganya, gari litasumbua na utahangaika bure.

Koili ni nne, kila plagi na yake. Koili za RX-8 huchoka mapema kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingine zinachoka bila taa ya injini kuwaka. Dalili zake ni kuwaka kwa shida, kukosa nguvu, kula petroli, na harufu ya mayai viza nyuma. Chukua plagi ya akiba, iguse kwenye chuma, angalia cheche ya koili moja moja. Cheche nzuri ni ya bluu na inalia. Ya njano, nyembamba, yenye kukatika, koili hiyo imekwisha. Moja ikifa, nunua nne na waya zake, kwa sababu nyingine zimeishi umri uleule.

Ukiipuuza, petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Yanapata moto mpaka yanakuwa mekundu, yanayeyuka, yanaziba, na injini iliyoziba njia ya kutolea moshi inaungua yenyewe. Gari likianza kupepesa taa ya injini huku linatikisika, egesha.

Hatua ya 5: Kompresheni, kwa namna ya rotari

Hapa ndipo injini nyingi zinapohukumiwa bila haki. Kipimo cha kawaida cha gereji kinashika namba moja tu, ile ya juu kabisa. Rota moja ina vyumba vitatu. Viwili vikiwa vimekufa na kimoja kizima, kipimo kitakuonyesha kile kizima na utaambiwa injini safi.

Kuna kipimo maalumu cha rotari kinachosoma vyumba vyote vitatu pamoja na mzunguko wa stata. Hapa kwetu si rahisi kukipata, kwa hiyo mimi hufanya hivi: kwenye mpira wa kipimo cha kawaida natoa kile kijivalvu kinachozuia upepo kurudi, kinachofanana na cha kwenye tairi. Injini iwe imepata moto, pedali chini, koili zimechomolewa. Nafunga kipimo kwenye tundu la plagi ya juu, mwenzangu anapiga stata, mimi narekodi sindano kwa simu. Baadaye naicheza video taratibu. Sindano inatakiwa kuruka mara tatu kwa urefu uleule, puf, puf, puf. Ukisikia puf, kimya, kimya, sili ya ncha imevunjika au imeganda, maana sili moja inaziba vyumba viwili. Hapo injini kweli inafunguliwa.

Ukifanikiwa kupata kipimo maalumu, namba za Mazda kwa mizunguko 250 ni hizi: nzima inasoma kilo 8.5 kwa sentimita mraba, kikomo cha chini ni 6.9, yaani kama psi 100. Vyumba vya rota moja visipishane zaidi ya 1.5, na rota kwa rota zisipishane zaidi ya 1.0.

Sasa moshi

Bluu kidogo asubuhi, ukikata baada ya dakika moja hivi, ni oili iliyobaki usiku. Bluu usiokata, hasa ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, ni ringi za oili za ubavuni mwa rota. Gari linaweza kuendelea kutembea hivyo muda mrefu mradi unakagua kijiti cha oili kila unapojaza petroli.

Mweusi ni petroli nyingi: ekleana (kichujio cha hewa) chafu, sensa ya hewa, nozeli inayovuja, au koili tulizozisema.

Mweupe ndio wa kuogopa. Huku kwetu hakuna baridi ya kulifanya gari litoe mvuke muda mrefu, kwa hiyo moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, na maji yanapungua bila kuvuja nje, ni sili za maji kati ya vipande vya injini. Ringi za oili zinavumilia. Sili za maji hazivumilii.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Masasi): Shikamoo fundi. Langu asubuhi linawaka mara moja. Nikitoka Masasi nikafika Mnazi Mmoja, nikazima ninywe chai, haliwaki tena mpaka lipoe kama saa nzima. Nimeshabadilisha pampu ya petroli.

Jibu: Marahaba. Pole kwa pampu. Kuwaka baridi na kugoma moto ndiyo dalili kubwa ya kompresheni iliyoshuka, kwa sababu oili ikipata moto inakuwa nyepesi na haisaidii tena kuziba. Lipime likiwa moto, kwa njia ya hatua ya 5. Likipimwa baridi litakudanganya. Stata yenye nguvu itakupa miezi kadhaa, lakini anza kuweka akiba. Na ukienda Dar kutafuta injini ya mtumba, usitoe pesa kabla haijazungushwa ukaona miruko mitatu mwenyewe.

Swali (Lindi): Mimi nalala Mtanda, uwanja una mwinamo. Asubuhi moshi wa bluu, nikilaza bondeni haupo. Niogope?

Jibu: Hapana. Oili inachuruzika usiku na kukusanyika upande mmoja. Laza pasipo na mwinamo, kagua oili, endelea.

Swali (Mtwara): Jamaa wa feri ananiambia nichanganye oili ya boti kwenye petroli, sili zitadumu. Yeye mashine yake anaweka moja kwa hamsini.

Jibu: Wapo wanaochanganya, na si wajinga, lakini kipimo cha mashine ya boti usikilete huku. Moja kwa hamsini kwenye lita 40 ni mililita 800, utalowesha plagi na kuziba masega. RX-8 ina pampu yake ya oili tayari. Wanaoongeza huweka kama mililita 4 kwa lita, yaani 160 kwa lita 40, na wachague isiyobakiza majivu. Haitibu gari lisilowaka.

Swali (Mtwara, fundi mwenzetu): Nakuheshimu kaka, ila wateja hawana uwezo wa koili nne. Kwa nini tusiwafungie injini ya pistoni yakaisha?

Jibu: Mteja akishapima na kuona kweli imekufa, uamuzi ni wake, na mimi nitamsaidia. Ninachokataa ni kuitoa injini nzima yenye ugonjwa wa koili. Koili nne hazifikii bei ya injini nyingine, maunti, waya na siku zote hizo za kazi. Tumpimie kwanza, tumwonyeshe video, achague akiwa anajua.

Swali (Shangani): Kaka habari. Langu linatoa moshi mweupe wiki ya pili, natia maji ya kisima kila asubuhi kama nusu lita. Taa haiwaki, sindano haipandi. Naweza kwenda nalo Newala Jumamosi?

Jibu: Dada, usiende nalo. Sindano ya gari hili hukaa katikati muda mrefu na inapopanda huwa umeshachelewa. Maji ya kisima yana chumvi, na injini hii ni chuma na alumini vilivyofungwa pamoja, chumvi inakula pale pale zinapokaa sili. Leo jioni likipoa kabisa, fungua kifuniko cha maji, mtu awashe, angalia kama mapovu yanapanda bila kukoma. Yakipanda, zima na usiliwashe tena. Kesho nakuja na pampu ya kupimia rejeta, tutaliacha na presha usiku kucha, asubuhi tutoe plagi za chini tuone ipi imelowa maji. Newala nenda na basi.