Chupa Moja Iliyobaki
Katika kabati la mvinyo la nyumbani, chupa ya mwisho ya aina yake, iliyobaki peke yake, huharibika kwa urahisi, kwa sababu mwenye nayo huionea huruma na kuingojea siku kubwa isiyofika, huku joto la Dar es Salaam likiendelea na kazi yake. Zikusanye chupa hizo kwenye rafu moja, uzilaze ili vizibo visikauke, kisha ufunge kwenye kila shingo kikaratasi chenye mwezi ambao hutauvuka kabla ya kuifungua. Mvinyo mweupe mwepesi utangulie. Mwekundu mzito, kama ule wa zabibu za Cabernet Sauvignon kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, unaweza kusubiri, mradi upate mahali penye nyuzi joto 13 hivi. Ukiona umechuruzika kando ya kizibo, ufungue jioni hiyohiyo, hata kama kitoweo ni dagaa.