Namna ya kuomba kazi ya serikali kuu ya Marekani baada ya kutoka jeshini

Sheria ya mwaka 1944 inayowapa wanajeshi wa zamani upendeleo katika ajira za serikali kuu ya Marekani ingali hai, na imeongezewa nguvu mara kadhaa. Lakini afisa ajira hakufahamu wala hakutafutii rekodi zako. Anasoma ulichopakia kwenye mfumo, basi. Karatasi moja ikikosekana, miaka yako yote jeshini haihesabiki kwenye ombi hilo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kazi, kusanya ushahidi.

Karatasi za kuwa nazo mkononi

Ya kwanza ni DD-214, yaani cheti cha kuachiwa jeshini, na lazima iwe nakala iliyoandikwa "Member-4" pembeni chini. Hapa watu huponzwa sana, kwa sababu wakati wa kutoka jeshini unapewa nakala zaidi ya moja, na ile namba 1 haionyeshi umeachiwa kwa namna gani. Fungua nakala yako uangalie boksi la 24, linaloeleza aina ya kuachiwa. Kama boksi hilo halipo, usiipakie. Angalia pia boksi la 13, la medali. Kama ulipewa medali ya kampeni nayo haikuandikwa, omba DD-215, ambayo ndiyo karatasi ya masahihisho. Usingoje tangazo zuri litokee ndipo uanze kuhangaika nayo. DD-214 iliyopotea huombwa bure kupitia milConnect, tovuti ya jeshi ya rekodi, au idara ya nyaraka za taifa, National Archives.

Ukiwa bado na sare, huhitaji kusubiri DD-214. Sheria ya mwaka 2011 inakuruhusu kuomba ukiwa na barua ya kikosi inayothibitisha kwamba unatarajiwa kuachiwa kwa heshima ndani ya siku 120. Barua ionyeshe cheo, tarehe za utumishi na aina ya kuachiwa inayotarajiwa.

Kama una ulemavu uliotokana na utumishi, pakua barua ya Idara ya Maveterani, VA, inayotaja asilimia yako. Inapatikana kwenye akaunti yako ya VA siku hiyo hiyo. Iambatanishe na fomu SF-15, ya kuomba upendeleo wa pointi 10, iliyojazwa. Barua bila fomu, au fomu bila barua, inaweza kukunyima pointi hizo 10 (pointi za upendeleo ni 5 au 10, nitazieleza hapa chini).

Waliokuwa National Guard (walinzi wa taifa) au Reserve (jeshi la akiba) wasome hapa kwa makini. Muda wa mafunzo tu hauhesabiki kama utumishi wa vitani wala utumishi kamili kwa ajili ya pointi 5. NGB-22, karatasi ya kuachiwa ya National Guard, peke yake haitoshi. Kinachohesabika ni pale ulipoitwa rasmi kwenye utumishi kamili na ukapewa DD-214 ya kipindi hicho.

Uraia ni sharti kwa karibu kazi zote za serikali kuu za kawaida. Mwenye kadi ya kijani aliyetumikia jeshi anaweza kuomba uraia kwa njia ya utumishi, na ombi hilo la N-400 halitozwi ada. Wakati unasubiri kiapo, fikiria huduma ya posta, USPS. Inaajiri wakazi wa kudumu pia, ina tovuti yake ya ajira, na inawaongezea maveterani wenye sifa pointi kwenye mtihani wake. Hakikisha pia jina lililo kwenye cheti cha uraia ni lile lile lililo kwenye DD-214. Kama ulibadilisha jina au mpangilio wake siku ya kiapo, weka pamoja karatasi ya mahakama inayothibitisha mabadiliko.

Mwanamume aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1959 ataulizwa kuhusu Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Aliyeingia Marekani kwa mara ya kwanza akiwa ameshatimiza miaka 26 hakutakiwa kujiandikisha, ila awe na ushahidi wa tarehe aliyoingia.

Pointi 5, pointi 10, na pale ambapo pointi hazipo

Si kila aliyevaa sare ana upendeleo. Kwa kizazi cha sasa, pointi 5 zinapatikana kwa njia kuu mbili: kutumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, sehemu yake ikiwa kati ya 11 Septemba 2001 na 31 Agosti 2010, au kupata medali ya kampeni kama ile ya Afghanistan, ya Iraq au ya Inherent Resolve. Aliyejiunga mwaka 2012, akakaa miaka minne kambini Texas na kuachiwa kwa heshima bila medali ya kampeni, hana pointi hizo. Inauma, lakini ni bora ujue mapema, maana kuna mlango mwingine unaomfaa, nitautaja hapa chini.

Pointi 10 ni za wenye ulemavu uliotokana na utumishi na waliopewa Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa vitani. Kwenye fomu utakuta herufi: CPS kwa asilimia 30 na zaidi, CP kwa asilimia 10 hadi chini ya 30, XP kwa waliobaki wa pointi 10, na TP kwa wenye pointi 5. Mwenzi wa veterani, ikiwa veterani mwenyewe hawezi tena kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu wake, na wajane pia, wanaweza kustahili XP. Aliyestaafu jeshi akiwa na cheo cha meja au kinacholingana nacho na kuendelea hapati upendeleo ila awe na ulemavu.

Siku hizi idara nyingi hazijumlishi pointi kwa tarakimu. Waombaji hugawanywa katika makundi ya ubora, na veterani hutangulia wengine walio kundi moja naye. Mwenye CP au CPS akitimiza sifa za chini hupandishwa hadi kundi la juu kabisa, isipokuwa kwa kazi za kitaalamu na kisayansi za daraja GS-9 na kuendelea (GS ni ngazi za mishahara ya serikali kuu). Maana yake, upendeleo unakuvusha ukiwa umeshaingia kwenye mstari. Kama hukutimiza sifa za kazi yenyewe, hata CPS haikusaidii kitu.

Kazi chache, kama ulinzi wa majengo, usafi na utarishi, zinapotangazwa kwa watu wa nje hutengwa kwa wenye upendeleo maadamu wapo.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni VRA, utaratibu wa kuajiri maveterani moja kwa moja. Unamruhusu mkuu wa ofisi kukuajiri bila mashindano, mpaka daraja GS-11. Unawafaa wenye ulemavu, wenye medali za kampeni, na walioachiwa ndani ya miaka mitatu iliyopita. Huyo wa Texas anaingia hapa, ila saa inakimbia: miaka mitatu huisha haraka. Kwa kuwa VRA haihitaji tangazo, usikae ukingoja. Tafuta afisa wa ajira za maveterani wa idara unayoitaka, mtumie wasifu na DD-214, ueleze mfululizo wa kazi (aina ya kazi, yenye namba yake) na daraja unalolenga. Baada ya miaka miwili ya kazi nzuri unaingizwa kwenye utumishi wa kudumu.

Mlango wa pili, VEOA, ni sheria ya fursa za ajira kwa maveterani. Inakufungulia matangazo ya ndani, yale ambayo kwa kawaida ni ya watumishi waliopo tayari serikalini, mradi idara inapokea waombaji kutoka idara nyingine. Unastahili kama una upendeleo, au kama ulitumikia takriban miaka mitatu au zaidi mfululizo ukaachiwa kwa heshima. Kwa hiyo yule wa miaka minne ana mlango huu pia. Lakini kwenye VEOA pointi hazitumiki kabisa. Unashindana kwa sifa tu, na kulalamika kwamba asiye veterani amekupita hakutakusaidia.

Mlango wa tatu ni wa wenye ulemavu wa asilimia 30 na zaidi. Hauna kikomo cha daraja. Unaanza kwa ajira ya muda inayozidi siku 60, kisha idara inaweza kukubadilisha kuwa wa kudumu bila mashindano.

Waliostaafu kwa pensheni ya jeshi wana kizuizi chao: kwa siku 180 baada ya kustaafu, huwezi kuajiriwa kiraia katika Wizara ya Ulinzi bila kibali maalumu. Aliyeachiwa tu bila kustaafu hazuiwi.

Kusoma tangazo

Tovuti ni USAJOBS.gov, na ni bure. Anayekudai pesa ili "akupitishie" ombi la serikali kuu anakuibia. Fungua akaunti, weka kichujio cha "Veterans", kisha hifadhi utafutaji wako ili matangazo mapya yakufuate kwenye barua pepe kila siku. Tafuta kwa namba ya mfululizo kuliko jina la kazi, kwa sababu kazi ile ile ina majina kumi: 2210 ni teknolojia ya habari, 1102 ni mikataba na ununuzi, 0620 ni uuguzi wa ngazi ya kati, 5823 ni ufundi magari, 6907 ni utunzaji wa mizigo ghalani.

Angalia sehemu inayosema kazi iko wazi kwa nani. Mara nyingi kazi moja hutangazwa mara mbili kwa namba tofauti, moja kwa umma na nyingine kwa watumishi na maveterani. Omba zote mbili. Kwenye ya umma unatumia pointi zako, kwenye ile nyingine unatumia VEOA, na orodha hizo mbili hazichanganywi.

Kisha soma aya ya uzoefu maalumu mara tatu. Kwa kawaida wanataka mwaka mmoja wa kazi inayolingana na daraja lililo chini ya lile linalotangazwa. Hapo ndipo ombi lako litapimwa. Muda hufungwa saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, na baadhi ya matangazo hufungwa mapema idadi ya maombi ikifika kiwango kilichotajwa. Kwa tangazo la namna hiyo, tuma siku ile ile lilipotoka.

Wasifu wa kurasa mbili

Zamani wasifu wa serikali ulikuwa wa kurasa tano au sita. Tangu mwaka 2025 kikomo ni kurasa mbili, na wanaotumia ushauri wa zamani wanapoteza ombi lote. Kwa kila kazi weka mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, na saa kwa wiki. Bila saa kwa wiki, afisa hawezi kujua kama mwaka wako ni mwaka kamili, na atakuhesabia sifuri. Usiweke picha, namba ya Social Security wala tarehe ya kuzaliwa.

Lugha ya kambi iache kambini. Anayesoma hajui 92Y ni nini, wala E-6. Badala ya kuandika kwamba ulikuwa "msimamizi wa ghala la kompania", eleza kwamba ulisimamia watu wanne, ukatunza vifaa vya thamani fulani, ukahesabu mali kila mwezi na kumaliza ukaguzi bila upungufu. Tarakimu ziwe zako za kweli. Tangazo likisema "property accountability" (uwajibikaji wa mali), wasifu uwe na maneno hayo hayo, sio kisawe chake.

Kurasa mbili ni chache, kwa hiyo kazi ya miaka 15 iliyopita isiyohusiana na hii ipe mstari mmoja, na nafasi iliyobaki uipe ile inayothibitisha uzoefu maalumu. Dodoso la kujipima lijibu kwa ukweli bila kujishusha. Kila unapojichagulia kiwango cha juu, hakikisha kuna sentensi kwenye wasifu inayokibeba.

Shahada ya nje ya Marekani haihesabiki mpaka itathminiwe na taasisi ya kutathmini vyeti. Pakia ripoti ya tathmini pamoja na nakala ya matokeo. Kama tangazo linakubali uzoefu badala ya elimu, na uzoefu unao, tegemea uzoefu.

Baada ya kutuma

Kwenye akaunti, "Received" ni kwamba limefika, na "Referred" ni kwamba jina lako limepelekwa kwa mkuu anayeajiri. Usiache kuomba nyingine ukisubiri. Ukipata ofa ya awali, usiache kazi uliyo nayo. Subiri ofa ya mwisho yenye tarehe ya kuanza, kwa sababu katikati kuna alama za vidole, fomu OF-306 na uchunguzi wa historia yako.

Kwa kazi za usalama utajaza SF-86, nayo inauliza kuhusu ndugu na marafiki walio nje na pesa unazowasaidia watu wasio raia. Andaa mapema majina, tarehe za kuzaliwa na anwani zao. Kutuma pesa nyumbani si kosa. Kuficha ndiko kunakokuponza.

Ukiamini upendeleo wako umevunjwa, una siku 60 za kulalamika kwa ofisi ya VETS iliyo chini ya Wizara ya Kazi. Hifadhi tangazo lenyewe, maana baadaye linaweza kutoweka mtandaoni.

Mshahara wa juu ya hatua ya kwanza ya daraja huombwa kabla ya siku ya kuanza kazi. Ukisharipoti, nafasi hiyo imefungwa. Mwenye ulemavu wa asilimia 30 na zaidi aulize kuhusu saa 104 za likizo ya matibabu katika miezi 12 ya kwanza. Kama hukustaafu jeshini, miaka yako ya utumishi inaongeza kasi ya likizo ya mwaka: saa 6 kila wiki mbili badala ya 4 ukiwa na miaka mitatu. Miaka hiyo hiyo inaweza kununuliwa iingie kwenye FERS, pensheni ya watumishi wa serikali kuu, kwa kawaida kwa asilimia 3 ya mshahara wako wa msingi wa jeshi. Anza na fomu RI 20-97 wiki ya kwanza, kwa sababu riba huanza kuhesabiwa baada ya miaka miwili.