Somo: Namna ya kukokotoa maswali ya uwiano kwa haraka katika mtihani

Kila mtihani unapokaribia, wanafunzi wa Chake Chake, wa Wete na hata wa Unguja huniuliza swali lile lile: vipi mtu atayamaliza maswali ya uwiano bila ya kuishiwa na wakati? Nimekwisha kulijibu mara nyingi kwa vipande vipande, kwa hiyo leo naliweka somo zima mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya kwanza. Geuza vipimo vyote viwe vya aina moja. Kwa mfano, ukipewa nafaka kwa pishi na kwa vibaba, geuza zote ziwe vibaba: pishi moja ni vibaba vinne.

Hatua ya pili. Rahisisha uwiano, yaani 24:36 iandike 2:3.

Hatua ya tatu. Kabla ya kugawa chochote, jiulize kiasi ulichopewa ni cha nini: ni cha jumla, ni cha upande mmoja, au ni tofauti baina ya pande mbili? Hapa ndipo nilipoanguka mimi nilipokuwa kidato cha pili. Tuliambiwa kuwa chokaa na mchanga huchanganywa kwa uwiano wa 2:5, na fundi ana ndoo 35 za mchanga. Je, anahitaji ndoo ngapi za chokaa? Nilijumlisha 2 na 5 nikapata 7, nikagawa 35 kwa 7, kisha nikazidisha kwa 2 na kupata 10. Jibu hilo lilikuwemo miongoni mwa majibu ya kuchagua, nami nikatulia moyo nikaendelea mbele. Kumbe zile ndoo 35 zilikuwa za mchanga peke yake, ambao ni sehemu 5, kwa hiyo sehemu moja ni ndoo 7 na chokaa ni ndoo 14. Mtunzi wa swali alichagua 35 kwa kuwa inagawika kwa 5 na kwa 7 pia, hivyo hesabu yangu haikuacha baki la kunishtua.

Tahadhari mbili basi. Jibu lako kuonekana katika orodha si ushahidi kwamba ni sahihi, kwa sababu makosa yetu yanajulikana na huwekwa humo kwa makusudi. Na ukipewa tofauti, gawa kwa tofauti ya sehemu: wawili wakigawana fedha kwa 7:4, na mmoja akamzidi mwenzake kwa shilingi 36,000, sehemu 3 ndizo 36,000, kwa hiyo mmoja ana 84,000 na mwengine 48,000.

Hatua ya nne. Tambua kama viwili hivyo huongezeka pamoja au kimoja hupungua kingine kinapoongezeka. Vikiongezeka pamoja, tafuta mara ngapi: ikiwa vibaba 6 vya mchele ni shilingi 7,500, vibaba 18 ni mara tatu, yaani 22,500. Kimoja kikipungua, zidisha kwanza kisha ugawe: wachumaji 6 wakimaliza shamba la mikarafuu kwa siku 10, kazi yote ni siku 60 za mtu mmoja, na wachumaji 15 watahitaji siku 4.

Hatua ya tano. Rudisha jibu katika uwiano: 14:35 ni 2:5, lakini 10:35 ni 2:7. Uhakiki huu wa sekunde chache ungeniokoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mbona kwenye chokaa hukugawa kwa 7?
Jibu: Isome tena hatua ya tatu, yote.

Swali: Skuli tumefundishwa kuzidisha kimsalaba. Unatwambia walimu wetu wamekosea?
Jibu: Sikusema hivyo, wala sitasema. Kuzidisha kimsalaba ni njia sahihi, nami huitumia namba zinapokuwa ngumu. Lakini 18 ikiwa ni mara tatu ya 6, huna haja ya kuzidisha 7,500 kwa 18 na kisha kugawa kwa 6.

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, ikiwa saa za kazi nazo zinabadilika? Kwa mfano, watu 6 wanafanya kazi saa 8 kwa siku na kumaliza kwa siku 10, kisha wanakuja watu 12 wa saa 5.
Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali zuri sana. Zidisha vyote vitatu: 6 × 8 × 10 ni saa 480. Kundi la pili hufanya saa 60 kwa siku, kwa hiyo litamaliza kwa siku 8. Kumbuka tu kwamba tunachukulia kuwa wote wana kasi moja ya kazi.

Swali: Naomba majibu ya zoezi letu la leo, namba 1 hadi 20.
Jibu: Lete namba moja pamoja na hatua ulizojaribu, nami nitakuonesha ulipokwama.

Swali: Mimi ni mzazi, niko Mkoani. Kijana wangu anapata umbali wa ramani vizuri lakini eneo linamshinda.
Jibu: Pole, Bibi, wengi hukwama hapo. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilomita, ila sentimita 1 ya mraba ni robo ya kilomita ya mraba, kwa kuwa uwiano huzidishwa kwa urefu na kwa upana pia. Mwambie ageuze kila upande kwanza, ndipo azidishe: msitu wa sentimita 2 kwa 3 una kilomita 1 kwa 1.5, yaani kilomita za mraba 1.5, ambazo ni hekta 150.