Kabla hujapandisha boksi la mizigo juu ya gari, mambo ya kuzingatia

Wengi wakitaka boksi la mizigo la juu ya gari wanaanza na boksi lenyewe, wanaangalia rangi, wanaangalia lita ngapi, wanalipa, afu ndo wanaanza kujiuliza litakaaje pale juu. Mi nasema anza na gari. Fungua kile kitabu kilichokuja na gari, tafuta sehemu ya uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na hiyo namba ndo itaamua mambo mengine yote. Magari mengi madogo hayo ya familia utakuta ni kati ya kilo 50 na 100, kilo 75 ni namba utakayokutana nayo sana, na kuna magari mengine hasa yenye paa la kioo au yale ya kufunguka paa ambayo hayaruhusu mzigo kabisa. Usikisie na usiulize jirani mwenye gari linalofanana na lako, maana gari la jina moja linaweza kuwa na namba tofauti kulingana na mwaka na aina ya paa.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea hesabu. Hiyo kilo 75 sio ya nguo na mabegi peke yake, ni ya KILA kitu kilichoko juu ya paa. Boksi lenyewe tupu linaweza kuwa na kilo 20, zile krosbaa mbili zinazokatiza paa na miguu yake weka kilo 6 hivi, kwahiyo ushatumia 26 kabla hujaweka hata soksi, umebakiwa na 49. Halafu boksi nalo lina kikomo chake kimeandikwa, na krosbaa nazo zina kikomo chao, na unachotakiwa kufuata ni kile kilicho kidogo kuliko vyote. Ukienda njia mbovu ya mashimo na vumbi ndo ushuke zaidi, kuna watengenezaji wanaopunguza kabisa kiwango kwa ajili ya njia za hivyo, kwasababu gari likidunda ule mzigo unapiga paa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa kwenye mizani. Na usisahau kilo za juu zinahesabiwa pia kwenye uzito mzima wa gari, yaani ukijaza abiria watano na buti limejaa na juu kumejaa inawezekana gari lote limezidiwa hata kama paa peke yake liko sawa.

Baada ya hapo angalia paa lako ni la aina gani. Kuna lenye reli zilizoinuka unaweza kupitisha mkono chini yake, kuna reli zilizolala zimeshikana na bati, kuna paa lenye matundu maalum yaliyofichwa na vifuniko vidogo, na kuna paa tupu ambalo krosbaa zinashika kwenye ukingo wa milango. Kila aina ina miguu yake ya krosbaa, kwahiyo krosbaa nzuri ya gari la rafiki yako inaweza isikae kwako kabisa, na ikikaa kwa kulazimisha ndo mbaya zaidi.

Ukishajua hayo sasa ndo uje kwenye boksi. Lita ni kuanzia 300 hivi mpaka 600 na kidogo, lakini mi naona urefu una maana kuliko lita. Pima kutoka krosbaa ya nyuma mpaka pale mlango wa buti unapofika ukiwa wazi kabisa, maana boksi refu likisogea nyuma buti haifunguki vizuri au inagonga boksi, na ukilisogeza sana mbele linaanza kuning'inia juu ya kioo na upepo unaliingia kwa chini. Pima pia umbali kati ya krosbaa zako mbili uone kama unaingia kwenye nafasi ya kufungia ya lile boksi. Kama unaweza chagua linalofunguka pande zote mbili, hutalijali siku ya kununua ila siku umesimama pembeni ya barabara magari yanapita kwa kasi utashukuru unaweza kufungulia upande ulio salama. Na lile ambalo funguo haitoki mpaka kufuli zote zishike, hilo ni zuri sana, linakuzuia kuondoka na kifuniko kilicho nusu wazi.

Kupanga mzigo nako kuna akili yake. Vitu vizito viache ndani ya gari chini, juu weka vile vyepesi vinavyokula nafasi, nguo, mablanketi, hema, magodoro ya kujaza upepo. Vile vizito kidogo vikae katikati kati ya krosbaa, vyepesi mbele na nyuma, na kama lina mikanda ya ndani itumie hata kama boksi limejaa, mzigo unaoserereka ukifunga breki unakuja wote mbele. Usiweke mitungi ya gesi, mafuta ya petroli wala makopo ya kupuliza, juani mle ndani kunachemka, kwahiyo dawa na vifaa vya umeme navyo vibaki na nyinyi ndani. Kuhusu maji kuingia, boksi linazuia mvua lakini usilichukulie kama pipa lililozibwa, nguo zifunge kwenye mifuko ya plastiki.

Kabla ya kuondoka kaza nati zote kwa nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo, shika boksi litikise, gari ndo linatakiwa litikisike nalo, sio boksi peke yake kucheza. Kisha endesha kilomita chache usimame ukaze tena, vifungo huwa vinajikalia vizuri baada ya mtikisiko wa mwanzo, na safari ndefu kila mkisimama pitisha mkono. Upepo wa matairi angalia ile stika ya kwenye fremu ya mlango wa dereva, huwa kuna kiwango cha gari tupu na cha gari lenye mzigo.

Barabarani gari limebadilika na dereva lazima abadilike nalo. Mtu mwenye ndoo kichwani hakati kona mbio. Gari litalala zaidi kwenye kona, litachelewa kusimama, na upepo wa ubavuni hasa kwenye madaraja au ukipishana na lori utaliyumbisha. Maboksi mengi yameandikwa mwisho kilomita 130 kwa saa, ila hicho ni kikomo tu sio lengo, nenda chini ya hapo. Mafuta yatapanda pia, makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba boksi kubwa butu linapunguza ufanisi kwa asilimia 2 mpaka 8 mjini na 10 mpaka 25 kwenye barabara kuu za mwendo kasi, kwahiyo safari ikiisha lishushe, usiendeshe na boksi tupu miezi mizima.

Kingine, pima kimo kipya cha gari kuanzia chini mpaka juu ya boksi, andika kwenye kikaratasi ubandike mbele ya dereva, maana paking za chini ya majengo zina kikomo na mtu akishazoea gari lake anasahau kabisa kuna kitu juu. Na mashine za kuosha magari usiingie nalo.

Likishuka lihifadhi mbali na jua, usilipangie vitu vizito juu likapinda. Ile namba ndogo iliyochongwa kwenye funguo ipige picha leo leo, siku funguo ikipotea kwa kawaida hiyo namba ndo utaagizia nyingine bila kuvunja kufuli.