Dakika za benchi zigawiwe kabla ya mechi

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mechi ya kikapu ina robo 4 za dakika 10, na uwanjani wapo watu 5. Kocha ana dakika 200 za kugawa, hazizidi hapo bila muda wa nyongeza. Timu za vyuo hapa Dodoma hubishana baada ya mechi nani kakaa sana benchi, wakati hesabu yenyewe haikuandikwa popote. Iandikeni jioni ya kuamkia mechi.

Watano wa kuanza wapeni dakika 27 kila mmoja: 135. Zinabaki 65. Wa sita achukue 20, wa saba 17, wa nane na wa tisa 14 kila mmoja. Mkilazimisha wote 12 wacheze, wengine wataambulia dakika 3, na kwa dakika 3 hakuna anayeshika kasi ya mchezo.

Kila sabu, yaani mchezaji wa akiba, apewe kazi moja inayoeleweka: "Namba 7 wao asitupe akiwa huru", au "wewe ribaundi tu" (kudaka mipira iliyokosa kikapu). Apimwe kwa kazi hiyo, si kwa pointi. Mwandika takwimu anukuu matokeo sabu anapoingia na anapotoka. Kaingia mkiwa nyuma 22–25, katoka mkiongoza 31–30: ana +4 (kutoka nyuma 3 hadi mbele 1) hata kama hajafunga. Mechi moja haitoshi. Jumlisheni tano ndipo mbishane.

Kinachoua wachezaji ni kumtoa mtu baada ya sekunde 40 kwa kupoteza mpira mmoja. Akirudi siku nyingine atacheza macho yakiwa benchi. Mwacheni dakika 4 au 5 mfululizo, labda awe anaumia. Wala msibadilishe watano kwa mpigo. Wabaki wawili wa kuanza, mmoja wao anayepandisha mpira.

Viwanja vya nje vina shida yake. Upepo wa Juni na Julai unapoza misuli haraka, kwa hiyo sabu akae na jaketi, aanze kurukaruka dakika 3 kabla. Akaombe kuingia mezani kwa maofisa, mwenyewe na mapema, kwani mabadiliko husubiri saa isimame, na kikapu kikifungwa saa haisimami, isipokuwa dakika 2 za mwisho za robo ya nne.

Mwanzaji akipata faulo 2 robo ya kwanza, dakika zake zihamie kwa wa sita. Faulo ya 5 inamtoa kabisa.

Wasio na dakika waambiwe ana kwa ana siku moja kabla, pamoja na kitu kimoja cha kurekebisha mazoezini.