Mtoto kazaliwa nje, mzazi ni raia wa Marekani: jinsi ya kuthibitisha uraia wake

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu kumwandikisha binti yake ubalozini. Anayechunguzwa hasa si mtoto, ni mzazi.

1. Je, ulikuwa raia siku mtoto alipozaliwa? Kama uliapa kuwa raia baadaye, njia hii si yako. Kwa kawaida mtoto atahitaji grini kadi kwanza, yaani kibali cha kuishi Marekani.

2. Jaza fomu DS-2029, ya kuomba ripoti ya ubalozi ya kuzaliwa nje, ambayo ndiyo ushahidi wa uraia wa mtoto. Weka pamoja cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na pasipoti zenu.

3. Hesabu siku zako. Hapa ndipo tulipokwama. Kwa wanandoa ambao mmoja tu ni raia, raia huyo lazima awe amekaa Marekani jumla ya miaka 5 kabla ya mtoto kuzaliwa, na 2 kati ya hiyo iwe baada ya yeye kutimiza miaka 14. Kukaa maana yake ni kuwepo wewe mwenyewe. Mdogo wangu alipeleka grini kadi na cheti cha uraia, akarudishwa: kadi inaonyesha uliruhusiwa kuishi, haionyeshi ulikuwepo. Ukienda nyumbani miezi mitatu kuuguza mzazi, miezi hiyo inaondolewa kwenye hesabu. Lakini siku za kabla ya uraia zinahesabiwa, hata za viza ya mwanafunzi, na wengi huziacha.

Chukua karatasi, kila safari mstari wake: tarehe ya kutoka, ya kurudi, siku ngapi. Mdogo wangu aliingia Marekani Agosti 2014, mtoto kazaliwa Machi 2021, safari mbili za jumla ya miezi saba. Ikabaki karibu miaka sita. Kisha kila mwaka utafutie ushahidi. Mimi naamini rekodi za chuo zenye tarehe za mihula kuliko W-2, karatasi ya mshahara na kodi anayotoa mwajiri, maana W-2 inataja mshahara wa mwaka, haitaji siku. Na pasipoti iliyokwisha muda usiitupe kamwe! Muhuri mmoja wa 2016 ulikuwa umefifia, tukausoma kwa tochi ya simu, na ndio uliofunga hesabu.

Baba raia ambaye hajafunga ndoa na mama ana masharti zaidi, yakiwemo ushahidi kuwa mtoto ni wa damu yake na ahadi ya maandishi ya kumtunza mtoto hadi miaka 18.

4. Nenda na mtoto. Usitie saini fomu mpaka afisa akuambie.

5. Omba na pasipoti ya mtoto siku hiyohiyo kwa fomu DS-11. Ripoti ya kuzaliwa, FS-240, haimsafirishi mtoto. Akiwa chini ya miaka 16, wazazi wote wawili waridhie. Ripoti yenyewe huombwa kabla hajatimiza 18. Akishapita hapo uraia wake haufutiki, ila ataudai kwa pasipoti au cheti cha uraia, na karatasi za siku zako zitatakiwa vilevile.