Ndugu yako alikuwa askari Marekani? Mwambie hili

Hapa Bukavu wengi tuna ndugu Marekani, na baadhi yao walivaa magwanda ya jeshi la huko. Yaya wangu ni mmoja. Deni la nyumba lilipomlemea, alirundika barua za benki juu ya friji bila kuzifungua. (Na sisi huku tukizidi kumwomba makuta ya karo!) Wako akikwama, apigie benki mapema aombe kupangiwa malipo upya, au kusimamishiwa kwa muda. Benki ikigoma, idara ya maveterani, VA, ina watu wa kumsemea, bure: 877-827-3702. Hata kama mkopo wake si wa VA, watamshauri. Anayetaka dola kwanza ndipo "aokoe nyumba", huyo mwizi.